Kadhi Kashika

1.

Ilishika.

2.

Haya, tuanze vizuri, maana ukianza kwa neno moja watu hudhani umeishiwa pumzi.

Kilichoshika ni kuku. Kuku wa plastiki, mwekundu, mwenye sumaku mgongoni, wale wa kubandika kwenye friji. Mwenye kuku ni Bi Kijoli, mpishi mkuu wa kikundi cha akina mama cha Tupike Sote, hapa hapa Muheza, mama mnene mcheshi ambaye amepika harusi nyingi kuliko ndoa zilizodumu. Jumamosi saa tatu asubuhi alifika uwanja wa mafundi kuchukua sufuria zake nne mpya za stenlesi, chuma kisichoota kutu, kubwa kiasi kwamba mtu mzima angeweza kuoga humo. Akazizunguka. Akazigonga. Akajiona ndani ya chuma, akarekebisha ushungi.

Kisha akatoa kuku mkobani. Wala usimlaumu. Kila mama wa Muheza anajua kipimo: sumaku ikiteleza, hiyo stenlesi, ikishika, hilo bati limepigwa msasa, umeibiwa. Akambandika kuku kwenye sufuria ya kwanza.

Kuku akakaa.

Ya pili.

Akakaa.

Ya tatu.

Akakaa.

Ya nne kuku hakungoja kubandikwa, aliruka mwenyewe.

"Mwantumu, mwanangu," Bi Kijoli akamwambia fundi aliyezitengeneza, na ucheshi wote umemtoka. "Mbona anashika?"

3. YALIYOSIKIKA UWANJANI DAKIKA KUMI BAADAYE

— Kuku kashika!

— Kuku gani tena asubuhi yote hii?

— Wa Bi Kijoli. Kwenye sufuria za Mwantumu. Zote nne!

— Lahaula!

— Mimi nilisema. Mwanamke na mtungi wa argoni wa kuchomelea wapi na wapi?

— Ulisema lini wewe? Juzi ulikwenda kwake kumwomba akuzibie sinki.

— Nilimwomba huku nasema.

— Jamani, na chapa yake haijatimiza hata mwezi…

4.

Hapo kwenye chapa ndipo penye roho ya mambo, kwa hiyo sogea.

Mwantumu Shekiondo ana miaka thelathini na mbili, kovu la cheche kidevuni, na kicheko kinachosikika juu ya kelele za grainda. Miaka tisa amechomelea mabomba ya moshi ya magari kwenye kibanda cha mwisho, pembeni ya choo, kwa sababu hapo ndipo alipopewa na hakuna mwingine aliyepataka. Chapa ni kipande cha chuma kigumu urefu wa kidole, chenye alama yake nchani: mwezi na nukta mbili. Unaiweka juu ya kazi iliyokubaliwa, unaipiga nyundo mara moja, na kazi hiyo inakuwa yako mpaka kiama. Fundi asiye na chapa ni kibarua tu, hata akijua kuliko wote. Mwantumu alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa chapa uwanjani pale. Siku aliyopewa alilala nayo chini ya mto, na asubuhi shavu lilikuwa na alama ya mwezi na nukta mbili, akacheka peke yake mbele ya kioo hadi machozi yakamtoka.

Sufuria nne za Bi Kijoli zilikuwa kazi ya kwanza ambayo angeipiga chapa hiyo.

Ndiyo. Ya kwanza.

5. KANUNI ZA UWANJA WA MAFUNDI (zimebandikwa ofisini, ukurasa wa pili, gundi imekauka)

Kanuni ya 7. Bamba lolote linaloitwa stenlesi litapimwa na Kadhi langoni kabla ya kazi kukabidhiwa mteja.

Kanuni ya 8. Kadhi akishika, bamba hilo si stenlesi, na hakuna rufaa.

Kanuni ya 9. Fundi aliyedanganya mteja, chapa yake itapondwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli, mbele ya mafundi wote, na hatapewa nyingine.

Imesainiwa: Shekalaghe, Mwenyekiti.

6. KADHI ANASEMA

Mimi ni sumaku. Nilikuwa ndani ya spika kubwa ya ukumbi wa muziki, nikapigiwa ngoma miaka mingi tumboni hadi spika ikapasuka. Mzee Shekalaghe akaniokota, akanitundika kwa waya langoni, akaniita Kadhi. Mafundi wakaniamkia. Sikukataa. Nani hukataa cheo?

Ila nataka kusema jambo moja na likasikike. Hawajawahi kuniuliza habari za kutu. Kutu siijui. Ninaletewa bamba, naulizwa: je, unalipenda? Nikilipenda nakwenda, nisipolipenda nabaki. Mimi ni mtu wa mapenzi. Hukumu wanatoa wao.

Jumamosi ile nililetewa sufuria ya Mwantumu. Nilikwenda hadi waya ukalia.

7. TANGAZO

Mafundi wote mnaarifiwa kwamba Kadhi ameshika sufuria zilizotengenezwa na fundi Mwantumu Shekiondo. Fundi huyo anatakiwa kufika mbele ya baraza leo saa nane mchana, pamoja na chapa yake.

Nyundo italetwa na ofisi.

8.

Alifika na chapa kwenye mfuko wa kulia wa ovaroli, na kwenye mfuko wa kushoto karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye doa la chai. Nakala yake hii hapa, ili usiseme tulikuficha:

CHETI CHA BAMBA
Daraja: 441
Jamii: stenlesi ya feriti, iliyotulizwa
Kromu: karibu asilimia kumi na nane
Nikeli: hakuna ya kutajwa
Kaboni: kidogo mno
Vitulizaji: titani na niobi
Sumaku: HUSHIKA
Kutanuka kwa joto: kidogo
Matumizi: mabomba ya moshi ya magari, vichomeo vya majiko, matangi ya maji ya moto, masinki, vyombo vya jikoni

Mzee Shekalaghe aliisoma yote, miwani ikiwa imeshuka puani. Ni mzee mrefu, msafi, mwenye msimamo kama mlingoti, na hajawahi kumwonea mtu kwa makusudi. Ndiyo maana watu wanamwogopa.

"Karatasi haipiki ubwabwa," akasema. "Kila mwizi ana karatasi. Kadhi kashika, hajashika?"

"Kashika, Mzee."

"Basi toa chapa."

Mwantumu aliingiza mkono mfukoni. Vidole viliikuta chapa ina joto, joto lake mwenyewe. Miaka tisa! Akautoa mkono mtupu.

"Naomba niseme kwanza," akasema. "Nikimaliza, mtapiga."

9.

Nyuma ya baraza, kwenye benchi, walikuwa wamekaa akina mama kumi na mmoja wa Tupike Sote, na Bi Kijoli katikati yao amemshika kuku. Mwantumu aliwageukia hao, si mafundi. Hilo lilimkera Mzee, lakini hata yeye alisikiliza.

"Mama zangu, sumaku inashika chuma cha aina fulani. Haishiki wema wala ubaya. Ziko stenlesi zinazoshikwa na ziko zisizoshikwa. Mimi nimejulia wapi? Kwenye mabomba ya moshi. Nilikata bomba la gari lililokaa barabarani miaka ishirini, linakula moto na maji kila siku. Sumaku ikashika. Kutu? Hata doa! Nikasema, ee, hiki chuma gani? Nikauliza na kuuliza mpaka nikaipata namba."

"Sasa hilo neno," Bi Kijoli akadakia, maana cheti kilikuwa kimepita mikononi mwao. "Iliyotulizwa. Imetulizwa na nani? Ilikuwa na wazimu?"

Benchi zima likacheka, na Mwantumu naye akacheka, na hapo ulimi ukafunguka.

"Bi Kijoli, wewe umepika harusi, utanielewa. Ndani ya stenlesi kuna bibi anaitwa Kromu. Huyo ndiye mlinzi wa nyumba. Yeye akiwepo, kutu haiingii. Na kuna bwana anaitwa Kaboni. Kidogo tu, lakini msumbufu, ana hamu ya kuoa! Chuma kikiwa kimepoa, katulia. Ukileta moto wa kuchomelea, pale penye mshono, damu inamchemka. Anamposa Kromu. Anamwoa hapo hapo. Kromu akiolewa, kazi ya ulinzi anaacha, amekuwa mke wa mtu. Kutu inapita pembeni ya mshono. Mmeona sufuria zinavyooza pembeni ya mshono?"

"Tumeona!" wakajibu kama wako kwenye vigelegele.

"Sasa kiwandani walio na akili wakaleta mabinti wawili, Titani na Niobi. Warembo, tena wepesi wa kukubali. Kaboni akiwaona hao, Kromu hamtaki tena. Anawaoa hao mapema, anatulia. Mimi nikija na moto wangu, bwana harusi keshapata wake. Kromu yuko huru mlangoni. Hiyo ndiyo iliyotulizwa."

Wanawake wakapiga kigelegele cha kweli. Mmoja akauliza kama Titani ana dada mwingine, ana mtoto wa kaka yake amemshinda.

Mzee Shekalaghe hakucheka. Alivua miwani.

"Maneno matamu," akasema. "Yathibitishe."

10. MAKUBALIANO (yameandikwa nyuma ya tangazo la saa nane)

a) Sufuria moja ya Mwantumu itashindana na Sufuria ya Mfano iliyotundikwa langoni, iliyotengenezwa na Mwenyekiti mwenyewe, ambayo Kadhi hakuishika.

b) Zote mbili zitatiwa maji, chumvi kilo mbili, ukwaju na ndimu, na kuchemshwa kila asubuhi siku sita, Jumapili hadi Ijumaa.

c) Mifuniko itazibwa kwa unga uliokandwa, kama biriani. Atakayebandua unga ameshindwa.

ch) Mlinzi ni Bi Kijoli, kwa kuwa Jumamosi ijayo ana harusi ya watu mia sita na hana sufuria nyingine.

d) Itakayoota kutu, chapa ya mwenyewe italetwa kwenye reli.

Mwenyekiti ndiye atakayechagua sufuria ya Mwantumu.

11.

Alichagua ya tatu.

Sikia sasa. Sufuria ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya nne, hata malaika angeifurahia. Lakini ya tatu, wakati Mwantumu anafunga mshono wa chini, inchi mbili za mwisho, mtungi wa argoni ulianza kukohoa. Gesi inakuja, gesi haiji. Na argoni ndiyo inayouzuia upepo usiuguse mshono ukiwa bado mwekundu. Alimaliza, akausugua, akautia dawa ya kusafisha, ukang'aa. Lakini yeye anajua. Inchi mbili.

Angeweza kusema, "Mzee, chukua nyingine." Kinywa kikafunguka.

Kikajifunga. Nne zote zilikuwa kazi yake. Kama moja haifai, basi Bi Kijoli kauziwa sufuria tatu na uongo mmoja.

"Haya," akasema. "Hiyo hiyo."

12. DAFTARI LA BI KIJOLI

Jumapili. Nimewasha mkaa saa moja. Sufuria zote zinanung'unika sawasawa. Sijaona tofauti ila ya Mwantumu imechemka upesi, nikapunguza mkaa. Nimemwambia, akasema chuma hicho moto unapita vizuri.

Jumatatu. Unga wa Mzee umepasuka kidogo, nimeziba. Mzee alikuwepo, asije akasema nimechungulia. Harufu ya ukwaju imeleta nzi na wambea.

Jumanne. Bibi harusi kaja mwenyewe kuuliza kama atapata pilau. Nikamwambia wewe shughulika na hina.

Jumatano. Kitako cha sufuria ya Mzee kimetuna kwa moto, sasa inacheza juu ya mafiga kama ina ngoma. Ya Mwantumu imetulia chini. Siandiki zaidi, mimi ni mlinzi.

Alhamisi. Mwantumu kapita mara nne. Hakusalimu. Mwantumu! Nimemwita, nikampa chai, ikapoa mkononi mwake. Nikamwambia, mwanangu, una nini? Akasema, "Inchi mbili, Bi Kijoli." Sikuelewa. Nikamkumbatia hivyo hivyo.

Ijumaa. Nimewaombea wote wawili. Ni vigumu kuombea sufuria mbili zinazoshindana.

13.

Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Unga ulikuwa umekuwa mgumu kama tofali. Bi Kijoli akaupasua kwa mwiko, kwanza wa Sufuria ya Mfano. Akamwaga maji ya ukwaju mtaroni. Watu wakainama.



Pembeni ya mshono, pande zote mbili, palikuwa na mstari wa kahawia, umezunguka kitako chote. Na juu yake vijitundu vidogo, vingi, vyenye machozi ya kutu. Sufuria iliyokaa langoni miezi sita, inafutwa kwa mafuta ya nazi kila Ijumaa, haijawahi kuona chumvi maishani mwake.

"Kadhi hakuishika," mtu akanong'ona.

"Kadhi hakuipenda," akasema mwingine, na hakujua amesema jambo la maana kiasi gani.

Mzee Shekalaghe alisimama vile vile, wima. "Fungueni ya pili," akasema.

Mwiko. Unga. Mfuniko.

Maji yakamwagwa.

Iling'aa. Pembeni iling'aa, kuta ziling'aa, mshono uling'aa mwanzo hadi… hapana. Ngoja. Pale mwisho. Pale chini, inchi mbili zile zile.

Doa.

La kahawia.

Mwantumu aliliona kabla ya mtu yeyote, maana alijua pa kutazama. Akaona mkono wake mwenyewe unaingia ndani ya sufuria, taratibu, kidole cha shahada kinanyooka, kinagusa, kina

14.

Ukwaju!

15.

Kipande cha ganda la ukwaju, kimeganda. Kilibanduka na kidole. Chini yake chuma kilikuwa kama kilivyozaliwa.

Mwantumu alikilamba kidole. Mbele ya baraza zima. Akakunja uso kwa ukali wake, halafu akapasuka kucheka, kile kicheko cha juu ya grainda, na akina mama wa Tupike Sote wakalipuka kwa vigelegele hadi kuku wa kweli wa majirani wakaruka ukuta. Bi Kijoli alimnyanyua. Simaanishi alimpongeza. Alimnyanyua, miguu ikaacha ardhi.

"Pilau lipo!" akapiga kelele. "Mwambieni bibi harusi pilau lipo!"

16. YALIYOSIKIKA

— Kwa hiyo Kadhi alikuwa anatudanganya miaka yote?

— Kadhi hakusema kitu. Tulikuwa tunamsemea sisi.

— Mimi nilisema toka mwanzo yule mwanamke anajua.

— Wewe!

— Nilisema kimoyomoyo.

17.

Vigelegele vilikatika vyenyewe, maana Mzee Shekalaghe alikuwa amekwenda kwenye reli.

Alikuwa ameweka juu yake chapa yake, ile ya nyota, iliyolika kwa miaka thelathini ya nyundo. Akamnyooshea Mwantumu nyundo ya ofisi, mpini mbele.

"Piga," akasema.

Mwantumu aliipokea nyundo kwa sababu ukipewa kitu na mzee unapokea. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana.

"Mzee, lile bamba la Sufuria ya Mfano, ulijua ni la namna gani?"

"Kadhi aliteleza. Nikajua stenlesi."

"Lile wamelitia madini ya manganizi ili sumaku iteleze. Nikeli kidogo, kromu kidogo. Ziko nyingi siku hizi. Ulijua?"

"Ningejua ningelitundika langoni?" Sauti ya Mzee ilikwaruza. "Usinionee huruma, Mwantumu. Kanuni nimeiandika kwa mkono huu."

"Sikuonei huruma. Naisoma. Imesema fundi aliyedanganya. Wewe umedanganywa. Hakuna kanuni ya aliyedanganywa, Mzee, na kama ingekuwepo, uwanja mzima huu usingebaki na chapa hata moja."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akatazama viatu vyake. Mzee aliiokota chapa yake ya nyota, akaifuta kwenye shati, akairudisha mfukoni.

"Sufuria zako hazina chapa bado," akasema hatimaye. "Mteja ana harusi. Unangoja nini?"

Ka.

Ka.

Ka.

Ka.

18. TANGAZO (rasimu, imeandikwa na Mwenyekiti, wino haujakauka)

Mafundi wote mnaarifiwa kwamba Kanuni ya 7 na ya 8 zimefutwa kuanzia leo. Kadhi amestaafu kwa heshima zote. Kuanzia sasa, bamba lolote linaloitwa stenlesi litapimwa kwa njia ifuatayo:

……………………………………

(pajazwe na fundi Mwantumu Shekiondo)

19.

Mwantumu alikuwa bado na harufu ya ukwaju mkononi alipopewa kalamu. Nje, sufuria nne zilikuwa zinapakiwa kwenye mkokoteni kwa nyimbo, na kila aliyepita alikuwa anainama kugusa mwezi na nukta mbili kwa kidole. Ofisini walikuwa wawili tu, yeye na Mzee. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisi ile, na Mzee ndiye aliyesimama.

Aliutazama ule mstari wa nukta. Akafikiria namba, na vyeti, na jinsi ya kuvijua vya kughushi. Akafikiria mshono, na gesi, na inchi mbili. Akafikiria chumvi. Kuna stenlesi za jikoni na stenlesi za pwani, na hata hiyo yake, ukiipeleka kukaa baharini, itakuaibisha. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, nafasi hii haitoshi."

"Haitoshi?"

"Hata kuanza haitoshi. Naomba daftari."

Mzee Shekalaghe alivaa miwani, akatoka mwenyewe kwenda dukani, bila kutuma mtu. Baada ya hatua kumi akasimama, akageuka, akauliza kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia:

"Daftari dogo, au kaunta buku?"

"Kaunta buku, Mzee."